Buti Namba Thelathini na Nane

Jumatatu, 3 Novemba

Miguu kumi na tisa leo. Wagonjwa kumi, mmoja alishapoteza mguu. Nimeosha, nimekwangua sugu, nimefunga bandeji. Wote wana wimbo mmoja: sista, sijui kidonda kimetoka wapi. Dereva mmoja alikuja na kokoto ndani ya kiatu, ametembea nayo siku tatu. Nikaitoa kwa koleo nikamwekea kwenye kisahani mbele ya macho yake. Akaitazama kana kwamba ni ya jirani. Miaka kumi na moja niko katika kliniki hii ya miguu ya wagonjwa wa sukari, na bado sijazoea uzembe wa watu.

Nimefika nyumbani Al Thumama, hapa Doha, nikafungua simu. Jumbe arobaini na moja kwenye kundi letu la hija. Zote za Injinia Mutiso. Zote kuhusu viatu.

Tuko wanne. Injinia, mwenyekiti wa kujiteua, anasimamia lifti za majengo kule Lusail. Purity, ninayeishi naye nyumba moja, kazi yake kompyuta na mazoezi yake kompyuta. Okello, Mganda, mlinzi wa mlango katika mnara mmoja wa West Bay. Na mimi. Tarehe kumi na sita Januari tunaruka kwenda Uhispania, tutembee kilomita mia tatu hadi kaburi la Mtume Yakobo. Katikati ya baridi, maana ndipo likizo zetu zilipokubaliana.

Wao wana sababu zao. Purity anataka mume, Injinia anataka picha. Mimi nina nadhiri. Mama alikufa Machi mwaka jana nikiwa huku. Kwa kidonda cha mguu. Ndiyo, mama mzazi wa muuguzi wa miguu. Niliapa nitaitembea njia ile yote kwa ajili yake, bila gari, bila kubebewa mzigo. Nisipofika sijui nitaishi vipi na nafsi yangu.

Ijumaa, 7 Novemba

Kikao baada ya misa, maana huku Ijumaa ndiyo Jumapili yetu, kwenye maegesho ya kanisa. Injinia alisema ataleta meza, kumbe meza ni boneti ya gari lake. Amenunua jozi tatu za buti azilinganishe, atarudisha mbili. Amezipima kwenye mizani ya jikoni, ile ya unga wa keki, na anatuambia gramu mia mguuni ni sawa na nusu kilo mgongoni. Ameisoma mahali. Mtu huyu hupanda lifti ghorofa moja, eti anaikagua.

Purity anataka buti za rangi ya damu ya mzee, ziende na koti.

Okello amesema atakwenda na buti zake za kazi. Zimebadilishwa soli mara mbili. Nikamwuliza kama anaijua theluji. Akasema anajua kusimama. Jibu gani hilo.

Basi nikawafundisha, kwa sababu mtu mmoja lazima awe na akili. Nunueni jioni, miguu ikiwa imevimba. Jaribuni na soksi nzito za sufu, si hivi visoksi vya ofisini. Acheni upana wa kidole gumba mbele. Wala mtu asinunue kiatu kinachobana akitumaini kitalegea, kiatu hakina huruma. Injinia akaandika kila neno. Nilijisikia vizuri, sitaficha.

Jumamosi, 8 Novemba

Dukani, kwenye moli. Duka lina kilima chake, mawe ya plastiki yenye urefu wa goti, mteja apande na kushuka ajue kama buti zinamfaa. Nje joto, ndani sanamu zimevaa makoti ya theluji. Injinia alipanda kilima kile mara kumi na mbili, amekunja uso kama yuko mlimani kweli. Familia moja ya Kihindi ilisimama ikamtazama mpaka akamaliza. Nilijifanya simjui.

Mimi nilijaribu thelathini na tisa, namba yangu ya siku zote. Zinapwaya. Nikajaribu arobaini na soksi za sufu, kama nilivyowafundisha wale. Ni kama nimevaa ndoo. Thelathini na nane zikashika. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nilihisi nimevaa kiatu. Muuzaji, Mnepali mpole, akabonyeza ncha kwa kidole gumba, akasema madam, hii ndogo. Nikamwuliza ameshika miguu mingapi maishani mwake. Akasema basi, madam anajua.

Madam anajua. Mguu hupungua nyama mtu akikaribia hamsini, na mimi nina arobaini na tisa. Nimezichukua. Wenzangu waliponiuliza namba nikasema thelathini na tisa. Si uongo mkubwa.

Jumanne, 18 Novemba

Wiki ya kulainisha buti. Amri ya mwenyekiti: saa mbili kila siku. Purity huzivaa ofisini chini ya meza. Injinia huzivaa akiosha vyombo, na ametuma picha. Malengelenge: Purity mawili, Injinia matatu, moja kalipa jina. Kundi zima kilio. Plasta, mafuta, pole, ubarikiwe. Watu wazima hawa.

Mimi nazivaa saa tatu kila jioni, kutoka nyumbani hadi uwanja wa mpira na kurudi. Hakuna kitu. Hata mkwaruzo sikuhisi. Nikaandika kundini kwamba maumivu mengine huanzia kichwani. Purity akaweka kile kiuso cha kucheka, lakini jioni alipita jikoni bila kunisalimu. Akasirike.

Ijumaa, 28 Novemba

Doha haina kilima hata kimoja, kwa hiyo mwenyekiti ametutafutia. Maegesho ya magari ya ghorofa nane, moja ya majengo yake kule Lusail. Tunapanda ile njia ya magari inayozunguka hadi juu, tunashuka, tunapanda tena. Mgongoni kila mtu ana mfuko wa mchele. Mlinzi wa pale alituuliza mara mbili kama tumepoteza gari.

Injinia alichechemea kuanzia mzunguko wa tatu. Purity aliketi mzunguko wa tano, akasema anatafakari. Mimi na Okello tulimaliza kumi. Kwenye mteremko wa mwisho yeye alikuwa nyuma yangu, na hapo akaanza.

"Sista, huo mguu wa kulia mbona unaupiga chini hivyo? Unatembea ka mtu anagonga mlango."

Akaeleza kwamba kazini husikia watu kwenye marumaru kabla hajawaona. Anamjua mwenye goti bovu, anamjua mlevi. Mwendo wangu hajauelewa, akasema, ila ni kama mguu hauna habari sakafu iko wapi. Nikamwambia milango aiachie West Bay. Mtu anafungulia matajiri mlango saa kumi na mbili kwa siku, leo amekuwa daktari wa mifupa. Akasema "kale", ndiyo "sawa" ya Waganda, akaniacha nitangulie.

Nilikasirika njia nzima ya kurudi. Zaidi ya alivyostahili.

Alhamisi, 4 Desemba

Vita kundini. Injinia amesoma usiku kucha na amegeuka. Sasa anasema buti zisizopitisha maji ni mtego, zikilowa ndani hazikauki wiki nzima, bora raba nyepesi zikauke haraka. Mwezi mzima ametuhubiria buti. Purity akamwambia hawezi kuanza kulainisha miguu upya. Injinia akaleta jedwali. Okello akauliza kama Mtume Yakobo alikuwa na jedwali. Nilikaribia kumpenda.

Mimi nimeandika mstari mmoja: tatizo si kiatu, ni mguu uliomo.

Ijumaa, 12 Desemba

Jaribio la barafu, nyumbani kwetu. Injinia amerudi kwenye buti, asifiwe Bwana, lakini anataka ushahidi. Mifuko sita ya barafu ya dukani ndani ya beseni letu la kuogea, maji juu yake, kila mtu asimame humo na buti zake. Za kwake ziliingiza maji kwenye ulimi, pale chini ya kamba. Alilaumu beseni.

Kisha akasema tujue pia nani anastahimili baridi. Miguu mitupu. Akashika saa. Purity sekunde arobaini, na kelele za mtu anayechinjwa. Injinia dakika moja na nusu, macho yamemtoka. Okello dakika tatu kimya, akatoka akasema baridi ya huko tusiidharau.

Mimi dakika kumi na mbili. Ningeendelea, nilichoka tu kusimama. Wakapiga makofi. Injinia akasema Auntie Rosa ana miguu ya kitume. Nikawaambia shida ya kizazi hiki ni kubembelezwa. Injinia ana miaka arobaini na sita lakini nilimweka humohumo.

Nimelala na furaha. Naandika ukweli: niliwadharau wote watatu, na ilikuwa tamu.

Jumatano, 17 Desemba

Jana nilitembea saa nne peke yangu, na buti, na mchele.

Leo asubuhi nimemfokea Purity. Matone ya damu kwenye vigae vyeupe vya korido, kuanzia bafuni. Nikamwita. Nikamwambia mimi sikulelewa zizini, mtu akiwa na malengelenge yake afute nyuma yake. Akavua ndala, akaninyanyulia nyayo, moja kisha nyingine. Safi, zimekauka. Halafu akatazama sakafuni, nami nikatazama alipotazama. Matone hayakwenda chumbani kwake. Yalikwenda kwangu.

Mguu wa kulia, chini ya kidole gumba. Shimo la ukubwa wa kifuniko cha soda, kingo nyeupe, sugu imeinuka pembeni. Vidonda hivi nimeviona elfu. Nimekibonyeza. Hakiumi. Nimekibonyeza tena kwa kucha. Hakiumi.

Sasa najua kwa nini thelathini na nane zilinifaa. Mguu uliokufa ganzi hausikii kiatu mpaka kiubane. Ndiyo maana wagonjwa wetu hununua viatu vidogo. Huwaambia hivyo kila siku kwa sauti ya kuchoka. Na ile kiu niliyoisingizia joto la Doha. Na kule kuamka kwenda msalani mara nne, nilikosingizia umri. Kipimo cha sukari kiko mfukoni mwangu kazini miaka yote. Nimetoboa vidole vya mataifa yote. Changu sijakitoboa hata mara moja.

Na mama. Nitaliandika kwa kuwa hakuna anayesoma. Alificha kidonda ndani ya soksi wiki sita. Siku aliyoniambia kwa simu nilimjibu, "Mama, wewe ni mjinga. Unamfichaje muuguzi kidonda?" Akasema hakutaka kunisumbua kazini. Nikakata simu nimpigie daktari. Wakamkata mguu wiki hiyo, siku ya nne akafariki, na katikati hapo hatukuongea tena. Neno lile ndilo la mwisho alilolipata kwangu. Watu wanadhani natembea kwa huzuni. Natembea kwa ajili ya neno hilo.

Alhamisi, 18 Desemba

Nimekifunga mwenyewe. Gauzi, kisha sponji niliyoitoboa katikati ili uzito usikae juu ya kidonda. Purity nimemwambia ni lengelenge limepasuka.

Wiki nne zimebaki. Nimefunga vya watu elfu. Hiki kimoja ndicho kitanishinda?

Jumatatu, 22 Desemba

Maegesho ya Lusail tena. Nimekwenda. Nisingekwenda wangeuliza. Nilisema nimechoka na kazi, nikafanya mizunguko minne. Kwenye wa nne mguu uliteleza na nikashika ukuta. Okello alikuwa amesimama pembeni. Aliuangalia mguu, na jicho lake lilinichoma kuliko lile neno lake la mlango. Ninaanza kumchukia mtu ambaye hajanikosea.

Jioni nilipima sukari hatimaye; ya mtu mwenye afya haifiki nane. Kumi na saba. Nikatoboa kidole kingine, huenda cha kwanza kilikuwa na juisi. Kumi na saba.

Jumapili, 28 Desemba

Krismasi imepita. Nilikula keki mbele ya watu ili wasishangae. Upumbavu wa kiwango cha juu, tena na cheti cha uuguzi ukutani.

Mganga hajigangi, wanasema. Uongo. Mganga hujiganga, ila vibaya, na mlango umefungwa. Kingo sasa ni nyekundu. Gauzi zilizotumika nazificha chini ya maganda ya viazi. Nimechoma udi chumbani kama Waarabu. Harufu zote mbili zipo.

Purity alisimama mlangoni asiingie. "Auntie," akasema, "kuna harufu. Na si ya viatu." Nikamwambia kila mtu anuse chumba chake. Akaenda. Nilimsikia akilia jikoni, na nikamdharau kwa kulia, kisha nikakosa mahali pa kuiweka hiyo dharau.

Jumanne, 6 Januari

Injinia anataka karatasi ya daktari kwa kila mtu, ya bima ya safari. Nilikuwa na mpango. Siku yangu ya mapumziko nikaenda kliniki kwetu, nikamfuata Marisel, Mfilipino, mdogo wangu kazini. Nimemfundisha mimi. Nilidhani ataniogopa. Nitampa mguu wa kushoto, aupime ganzi, aandike salama, daktari aweke sahihi bila kuuliza. Mengine yatangoja hadi nirudi.

Kile kipimo nakijua kama rozari. Uzi mgumu wa nailoni, unagusa mahali kumi unyayoni, mgonjwa amefumba macho, kila akiguswa aseme ndiyo. Kuanzia kidole gumba, sekunde mbili kila mahali. Wagonjwa wengi hudanganya, hawapendi kushindwa. Huwa nawakaripia.

Nikalala kitandani. Nikafumba macho. Ndiyo, nikasema. Ndiyo. Ndiyo. Nilikwenda kwa mwendo wangu, uleule niliomfundisha. Nilifika ndiyo ya saba.

"Sista Rosa," akasema taratibu, "bado sijakugusa."

Nikafumbua macho. Alikuwa bado anavaa glavu.

Hakucheka. Hakukaripia. Alivuta kiti akaketi, akanivua soksi ya kulia bila kuomba ruhusa. Alipofika kwenye gauzi akaniuliza ni ya tangu lini. Nikamwambia Desemba. Akasema sawa, akaanza kuosha. Mimi ningemkaripia mgonjwa kama huyo mpaka watu wa nje wasikie. Yeye aliosha tu. Hilo liliniuma, na nilishukuru kwamba kuna kitu bado kinaniuma.

Picha imeonyesha mfupa haujaguswa. Dawa ya usaha, sindano za sukari. Kiatu kirefu cha plastiki hadi gotini, wiki nane au zaidi, kutembea kwa lazima tu. Nilimwuliza daktari kuhusu Uhispania. Akauliza kama namwuliza kama mgonjwa au kama muuguzi. Nikasema kama muuguzi. Akasema, "Basi jibu unalo."

Kwenye teksi nililia. Dereva akaongeza sauti ya redio kwa adabu.

Ijumaa, 9 Januari

Nimewaambia. Maegesho yaleyale ya kanisa, boneti ileile. Nilisema kwa ufupi: nina sukari, nina kidonda, nilikificha, siendi. Purity akanishika mkono. Nilimwomba radhi kwa yale matone na kwa ile harufu, mbele ya wenzake, na lilinitoka kwa shida kama jino. Akasema alijua tangu siku ya vigae. Alikuwa anangoja niseme. Ningekuwa yeye ningetangaza.

Injinia, mwenye suluhisho la kila jambo, akasema naweza kwenda kwa basi, niwasubiri kila mji na mizigo. Akaanza kutafuta ratiba hapohapo. Nikamwambia nadhiri si mzigo wa kutangulizwa. Akafunga simu, akaitia mfukoni. Uso wake bila mpango ni wa mtu mwema. Sikuwa nimeuona.

Okello alinisindikiza hadi kwenye gari. Akaomba jina la mama, alibebe, alitaje kule kaburini. Nikakataa. Nikamwambia mambo yangu na mama hayabebwi na mtu. Nilitaka akasirike.

"Kale, Sista," akasema. "Basi mbebe ukiwa umekaa."

Mlinzi anahubiri sasa. Nilifunga mlango wa gari. Hadi saa hii sijalala.

Ijumaa, 16 Januari

Wameondoka. Sikwenda uwanja wa ndege. Purity aliniachia sufuria ya ndengu isiyo na chumvi nyingi na karatasi kwenye friji yenye saa za sindano. Kakosea saa moja, nikairekebisha kwa kalamu.

Hapa Al Thumama ndege hazikosi angani. Kila iliyopita nilisema ni hiyo. Nimewaonea wivu wote watatu, hata Injinia, wivu mchafu. Niliomba mvua iwanyeshee. Kisha nikaiondoa hiyo sala, sijui kama huwa zinaondoleka.

Jumanne, 20 Januari

Kazini, ila wamenihamishia mapokezi ili nikae. Naandika majina. Mzee mmoja Msudani akaona kiatu changu cha plastiki, akauliza, na wewe? Nikasema, na mimi. Akasogeza kiti, akanieleza mguu wake kuanzia mwanzo, dakika ishirini, mambo ambayo faili lake halina. Miaka sita nimemfunga huyo mzee. Sikujua kwamba kidonda kilianza siku ya harusi ya binti yake, kwa viatu vya kuazima. Sikuwahi kumwuliza. Nilikuwa namwambia tu.

Alhamisi, 22 Januari

Purity ametuma ujumbe wa sauti. Mvua siku ya tatu mfululizo. Maji yameingia buti za Injinia kutokea juu, kupitia suruali, jambo ambalo hakuna jedwali lililolitaja. Soli ya Okello iling'oka siku ya pili, akanunua buti mpya katika mji mdogo, jioni, na soksi za sufu. Injinia anatembea wa mwisho na haongei. Purity anasema kuna asubuhi watu hawasemi neno hadi saa sita na hakuna anayejali. Nyuma ya sauti yake nilisikia hatua zao kwenye matope. Niliucheza ujumbe mara tano.

Marisel amesema kingo zimeanza kujifunga. Kidogo.

Jioni nilivua kile kiatu nikakaa ukingoni mwa beseni. Maji niliyapima kwa kiwiko, maana mguu hauaminiki. Nikauosha. Nilikuwa sijausema kwa mtu yeyote ukweli ule niliouandika Desemba, ule wa simu ya mama. Nikausema pale, kwa lugha ya nyumbani, kwa sauti, kama mama yuko upande wa pili wa pazia.

"Mayi, nilikuita mjinga. Na mimi nimeficha. Nisamehe."

Sikuwa nimetembea hata hatua moja kuja kuuomba msamaha huo. Nilikuwa nimekaa tu, miguu imelowa. Ndege ikapita. Maji yalianza kupoa, au nadhani yalianza. Nikachukua taulo, nikakausha katikati ya vidole, kimoja kimoja.